Kulingana na Laptopu Yangu, Shosh Alicheka Mwaka 2012

Kulingana na laptopu yangu, shosh alicheka mbele ya kamera yangu tarehe 1 Januari 2012, dakika kumi na moja baada ya saa sita usiku. Mimi hapo nilikuwa mtoto wa darasa la nne. Sikuwa na kamera, sikuwa na simu, na saa hiyo nilikuwa nimelala fofofo. Lakini imeandikwa, na ukibonyeza ile kitu ya kupanga kwa tarehe, picha inaruka inaenda kukaa huko chini kabisa, pamoja na picha za simu ya zamani ya mathe, zile zenye ukungu.

Ukweli ni kwamba niliipiga Desemba 2022, ushago. Shosh alikuwa ametoka hospitali, familia yote ikaamua tukutane kwake Jumapili. Februari 2023 akatuacha.

Wiki ya mazishi, tata yangu akaandika kwa grupu ya familia: nani ako na picha ya shosh ya karibuni, ya kuweka kwa kijitabu, mwenye kuchapa anaitaka kesho saa nne. Kila mtu akaniangalia mimi. Si mimi ndiye mtoto wa kamera? Si mimi ndiye niliacha chuo mwaka wa pili nikasema naenda kufanya mambo ya picha? Nikafungua laptopu, nikaenda Desemba 2022. Nikapata skrinishoti, memes, picha ya chapo na risiti za M-Pesa. Shosh hayuko. Nikatafuta usiku mzima. Mwishowe nikajiambia lazima nilifomati kadi kabla ya kuhamisha, nikaandikia grupu kwamba picha zilipotea. Kijitabu kikatoka na ile picha ya kitambulisho imekuzwa, shosh anaangalia mbele kama mtu ameshtakiwa.

Mwezi wa saba nikiwa natafuta picha yangu ya utotoni ya kuposti, nikateremka mpaka 2012, nikampata. Anacheka, mdomo wazi, mkono kwa goti.

Kilichofanyika ni hiki. Kamera yangu niliinunua mtumba, na ndani ya kamera kuna kabetri kadogo ka pembeni ka kushikilia saa. Hako kangu kalikuwa kamekufa. Kila ukitoa betri kubwa, kamera inasahau leo ni lini na inarudi 1 Januari 2012, saa sita kamili usiku. Inakuuliza tarehe, wewe uko na haraka, unabonyeza sawa. Laptopu nayo haina akili ya kujua. Inasoma tu kile kamera imeandika.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu hii mambo ya tarehe, na nimegundua watu wamehangaika nayo zaidi ya miaka mia moja.

Anza na mkebe wa biskuti wa shosh. Kila ushago uko na mkebe kama huo: picha za studio, wanawake wamesimama kando ya meza yenye maua ya plastiki, wanaume wameshika redio. Kwa mbele hakuna kitu kinakuambia mwaka. Lazima ugeuze. Nyuma, kama una bahati, kuna muhuri wa studio na mtu ameandika kwa biro "Nakuru, 8/71". Kama huna bahati, ni weupe tu, na mwenye kujua amezikwa. Huo ndio mfumo ulikuwa: picha yenyewe haijui siku yake, ni mtu anaijua, na ni lazima huyo mtu aandike.

Na hata watu wenyewe walikuwa hivyo. Kwa kitambulisho shosh alizaliwa 1 Januari 1943. Ukimuuliza yeye, atakuambia alizaliwa wakati wa ng'aragu ya mianga, ile njaa ya mihogo. Mwaka ni kweli, lakini siku ilitoka kwa karani. Fomu ilitaka siku na mwezi, shosh hakuwa nazo, karani akaweka za kwanza. Kama kamera yangu tu. Wazee wangapi wa Kenya wana birthday 1 Januari? Angalia kwenu, utashangaa.

Kodak waliona hili tatizo mapema. Mwaka 1914 walitoa kamera waliyoiita Autographic. Nyuma ilikuwa na kamlango kadogo. Ukishapiga picha unafungua kamlango, unachukua kijiti cha chuma kinachokuja na kamera, unaandika tarehe na mahali, unaacha mwanga uingie sekunde chache, unafunga. Filamu ikisafishwa, maandishi yako yanatokea kwa ule mstari kati ya picha moja na nyingine, kwa mwandiko wako mwenyewe. Jamaa aliyeivumbua, Henry Gaisman, alilipwa na Kodak dola 300,000, na hizo ni dola za enzi hizo. Lakini miaka ya 30 hizo kamera zilikuwa zimeshatoka sokoni. Mimi naelewa kwa nini. Mtoto anakimbia, mbwa anakimbia, nani atasimama kuandika?

Kitu filamu ilikuwa nayo, na hakuna mtu aliisifu, ni mpangilio. Filamu ni utepe mmoja, picha 36 zimeshikana. Hata kama hakuna aliyeandika tarehe, picha ya 12 ilipigwa baada ya 11 na kabla ya 13. Huwezi kuzichanganya mpaka uchukue makasi. Hiyo inaokoa watu. Priya Ramrakha, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi aliyefanyia kazi magazeti makubwa ya Marekani, aliuawa mwaka 1968 akiripoti vita vya Biafra kule Nigeria. Kazi yake ikalala kwa gereji hapa Nairobi karibu miaka 40 kabla ya kutolewa. Maboksi ya filamu yanaweza kulala hivyo na bado yakakupa habari kwa zamu yake. Hadi diski ya picha elfu kumi zilizotapakaa, sidhani.

Halafu zikaja zile namba za rangi ya chungwa. Wenye wazazi wao walipiga harusi miaka ya 90 mnazijua: kwa kona ya chini, '98 3 14, zimechomwa ndani ya picha yenyewe, wakati mwingine juu ya gauni la bibi harusi. Kamera ilikuwa na kasaa kadogo kwa mfuniko wa nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa kawaida kuachia mashine kazi ya kuandika tarehe, na hapo hapo makosa yakaanza, kwa sababu mashine haijui tarehe, inajua tu vile uliiseti. Buda ako na picha ya mtihani wake wa mwisho chuoni yenye tarehe ya miaka miwili baada ya yeye kumaliza. Anasema ni kamera ya kuazima.

Kamera ya kwanza ya kidijitali nitaipitia haraka kwa sababu stori yake inajulikana: Steven Sasson, injinia wa Kodak, mwaka 1975, mashine ya kilo tatu na kitu, picha moja inachukua sekunde 23 kuingia kwa kaseti. Kwa hii stori yetu, mwaka wa maana ni 1995. Mwezi wa kumi, chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki Japani kilitoa utaratibu unaoitwa Exif. Ni mkataba tu: kila kamera ikihifadhi picha, ifiche ndani ya faili karatasi ndogo yenye habari zake. Ni kamera gani, mwanga uliingia kiasi gani, na ilipigwa lini. Tarehe inaandikwa mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, zote zimetenganishwa na nukta pacha. Ni ile "Nakuru, 8/71" ya nyuma ya picha, ila sasa imeandikwa ndani ya picha na hakuna anayeiona.

Mpaka leo kila simu unayoshika inafuata huo mkataba. Lakini uliandikwa na watu waliodhani utakaa mahali pamoja. Haukuwa na nafasi ya kusema hii saa ni ya wapi. Nairobi saa nane mchana na London saa nane mchana zilionekana sawa kabisa. Hiyo nafasi iliongezwa mwaka 2016, miaka 21 baadaye! Kama uko na binamu huko majuu na mnachanganya picha zenu za miaka hiyo, usishangae keki inakatwa kabla ya kuokwa.

Mwaka 1998 wakaongeza utaratibu wa folda na majina. Ndio maana kila kadi ina folda ya DCIM, na ndio maana picha zinaitwa IMG_0001 na DSC_0001: herufi nne, namba nne. Namba nne zinaisha 9999, halafu unarudi mwanzo. Ukipiga sana, kama mimi, utakuwa na IMG_0412 mbili, moja ya harusi na moja ya ng'ombe. Ukizihamishia folda moja na ubonyeze badilisha bila kusoma, utabaki na ng'ombe. Niulizeni.

Bado hizo namba nazipenda. Ni ule utepe wa filamu umerudi. Saa ya kamera inaweza kudanganya, lakini kamera inahesabu.

Kisha mwezi wa tano 2015 ikaja Google Photos, na bure bila kikomo ukikubali picha ipunguzwe ubora kidogo. Kabla ya hapo mtu alikuwa anatengeneza folda: "Pasaka", "Mombasa trip", "Mathe". Sasa hakuna haja. Unamwaga kila kitu, programu inapanga kwa tarehe, unateremsha kidole. Kizazi chetu hakijawahi kupanga picha, tulipangiwa. Halafu 1 Juni 2021 bure ikaisha, ukawa na GB 15 pamoja na barua pepe zako, na wasee wakaanza kuhamisha picha kwenda laptopu na flash. Hapo ndipo wengi tuligundua kuna tarehe aina mbili. Kuna tarehe ya picha, ile ya Exif, na kuna tarehe ya faili, ambayo ni siku faili ilipofika au kuguswa pale ilipo. Folda ya kompyuta mara nyingi inakuonyesha ya pili. Unahamisha miaka sita ya maisha Jumamosi moja, na kompyuta inasema yote yalitokea Jumamosi.

Sasa WhatsApp. Hii ndiyo inauma.

Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na ile karatasi ya ndani inatolewa. Kwa Android inabaki jina: IMG-20240625-WA0031. Hiyo tarehe si ya kupigwa, ni ya kutumwa. Ukiforwadi kesho yake, kwa simu ya mwenzako itaitwa 20240626. Saa haipo kabisa.

Nimechagua hiyo tarehe makusudi. Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa tao kama wengi wenu. Nilipiga picha kwa simu kutoka asubuhi, nikarusha kwa grupu nilivyokuwa napiga. Usiku, stori za watu kubebwa nyumbani kwao zikaanza kuzunguka, nikaogopa. Nikafuta kila kitu kwa simu, hata kwa ile takataka inayoshika siku thelathini. Siwezi kujilaumu sana, woga ulikuwa wa kweli. Lakini kilichobaki ni vile vipande vya WA. Najua siku, sijui saa. Siwezi kukuambia kama yule kijana wa fulana nyeupe alikuwa amekaa chini kabla ya risasi kuanza au baadaye. Na siku ile, kati ya saa nane na saa tisa, dakika kumi zilikuwa ni tofauti kubwa.

Aprili 2025 BBC Africa Eye wakatoa filamu yao, Blood Parliament. Watu walibishana kuhusu mambo mengi, lakini mimi nilikwama kwa namna walivyofanya. Walipitia picha zaidi ya 5,000. Ili kujua kipi kilifuata kipi, walitumia metadata za kamera, saa za matangazo ya moja kwa moja, na saa za hadharani zilizoonekana ndani ya picha. Yaani mtu alikaa akatafuta saa iliyotokea nyuma ya watu, akaisoma, akaitumia kurekebisha kamera nzima. Ukijua muda wa kweli wa picha moja, na unajua picha zingine za kamera hiyo zilifuatana vipi, umejua zote.

Niliisimamisha filamu hapo. Nikamkumbuka shosh.

Kwa sababu hata baada ya kumpata, picha zake zilikuwa bado ni fujo. Siku ile nilikuwa nimebadilisha betri mara mbili, asubuhi na jioni, na kila mara saa ikarudi sifuri. Kwa hivyo picha za asubuhi zilianza saa sita usiku ya 1 Januari 2012, na za jioni zikaanza saa hiyo hiyo. Ukizipanga kwa tarehe zinaingiliana kama vidole: kanisa, televisheni, kanisa, chai, pasta, anko, pasta. Picha ya shosh anacheka ilikuwa kati ya picha mbili za watu wamefumba macho wanaomba. Ilikaa vibaya. Ilikaa kama shosh anacheka maombi.

Kwanza nikazipanga kwa namba. Za asubuhi zilikuwa 3300 na kitu, za jioni 3500 na kitu. Hapo zikaachana. Kisha nikatafuta saa ndani ya picha. Kwa zile za jioni, nyuma ya bega la shosh kuna televisheni. Jumapili hiyo ilikuwa 18 Desemba 2022, fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa. Kwa skrini inaonekana 2–2, dakika ya 82. Mbappé ametoka kufunga mawili, ya 80 na ya 81. Mechi ilianza saa kumi na mbili kamili jioni, na Qatar saa zao ni sawa na zetu. Ongeza dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza, ongeza mapumziko, unapata kama saa moja na dakika 47 usiku. Kuna makosa ya dakika mbili tatu hapo, ninaishi nayo. Kamera ilisema saa sita na dakika 11. Tofauti: siku 4,004, saa 19, dakika 36.

Za asubuhi hazikuwa na televisheni. Lakini binamu yangu alikuwa amepiga shosh akishuka kwa gari, sekunde ile ile, kutoka upande wa pili. Nikamwambia asinitumie kama picha, anitumie kama dokumenti, kwa sababu ukituma hivyo Exif haitolewi. Yake ilisema saa nne na dakika 52, yangu saa sita na dakika 40 usiku. Siku 4,004, saa 10, dakika 12.

Kuna programu ya bure inaitwa ExifTool, ya jamaa mmoja Phil Harvey, iko tangu 2003. Haina sura, unaiandikia amri tu. Unaiambia: chukua folda hii, sogeza kila tarehe mbele kwa kiasi hiki. Nikatengeneza nakala kwanza (tafadhali tengenezeni nakala kwanza), nikaendesha mara moja kwa asubuhi, mara moja kwa jioni. Ikachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kisha nikabadilisha majina yote yaanze na mwaka, mwezi, siku, kwa mtindo wa 2022-12-18, kwa sababu ukiandika hivyo faili zinajipanga zenyewe kwa kompyuta yoyote, hata ile haijui Exif ni nini.

Siku hizi kabla ya kazi yoyote, picha yangu ya kwanza ni ya uso wa simu yangu ikionyesha saa. Wateja wanadhani najipiga selfi ya skrini.

Nikafungua folda upya. Kanisa likaenda asubuhi, likakaa huko na pasta wake. Jioni ikabaki peke yake. Na sasa, kabla tu ya shosh kucheka, dakika mbili nyuma, kulikuwa na picha ambayo sikuwahi kuiona ikiwa mahali pake: anko yangu, mzee wa kanisa, shabiki wa Ufaransa kuanzia robo saa iliyopita, ameruka juu kwa bao la pili na kikombe mkononi, na chai yote iko hewani inaelekea kwa suruali yake ya Jumapili.

Nikaichapisha ile ya shosh, saizi ya kadi. Nyuma nikaandika kwa biro: 18/12/2022, saa moja na dakika 47 usiku, anamcheka anko. Nikampelekea tata, akaiweka kwa mkebe.